Swali la Kabla ya Kufuta

Nianze na waliokuwepo siku yangu ya kwanza kazini, pale Miembeni, kwa sababu nikiwaacha nitakuwa kama nimewazika mara ya pili. Alikuwepo Fundi Mkuu Hamidu, mwenye karakana, ambaye babu yake alikuja Bukoba kutoka Pangani kuuza chumvi akaoa huku. Alikuwepo mkewe, Bi Zaituni, aliyekaa mapokezi na kufunga vipande vya karatasi kwenye mashine za watu ili zisichanganyike. Alikuwepo kaka yangu Deogratias wa Bilele, aliyenipeleka, kwa kuwa redio yake ilitengenezwa pale na wakawa wamezoeana. Na mimi, Adventina, mjane kutoka Muleba, darasa la nne, nimesimama mlangoni na viatu mkononi, maana mvua ilikuwa imenyesha na sikutaka kuingia na matope. Katika hao aliyebaki pamoja nami ni Bi Zaituni peke yake, na yeye sasa ukimwita hasikii.

Fundi Mkuu alivitazama viatu vyangu, akamwambia kaka yangu, "Huyu atafaa. Anayeogopa kuchafua sakafu ataogopa kuharibu mashine."

Basi nikaanza. Wakati huo karakana ilikuwa ya redio na taipu. Kazi yangu ilikuwa kufungua mfuniko, kufuta vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, na kutoa mende. Mende hupenda redio kwa sababu ya joto. Kwenye taipu nilisafisha herufi kwa mafuta ya taa, maana wino ukikauka ndani ya herufi, a na e zote zinatoka kama matone meusi. Fundi Mkuu alikuwa mtu wa utani. Akiniona nimesimama wima na brashi yangu alisema, "Ninyi watu wa ndizi mnajivuna hata mkishika ufagio." Nami nilimjibu kwamba na wao wa pwani huchoka hata wakiwa wamekaa. Bi Zaituni alicheka, chai ikaja, tukaendelea. Siku zetu nyingi zilikuwa hivyo, na sikujua kama zilikuwa njema.

Kompyuta zilipoanza kuletwa, Fundi Mkuu alikwenda Mwanza kusomea, akarudi amekonda na ana maneno mapya. Alinifundisha kwa kunionyesha, si kwa kitabu, kwa kuwa alijua kitabu kingenishinda.

Mashine ya kompyuta, wajukuu zangu, ni sanduku tu mpaka iwekewe mfumo wa kuiendesha. Mfumo ndio unaoiambia kwamba hiki ni kioo, hizi ni herufi, na huyu aliyebonyeza anataka nini. Sisi mafundi wa mtaani hatukusema mfumo. Tulisema windo. Mashine ikiganda, ikijaa virusi, ikikataa kuamka, dawa yake ilikuwa kupiga windo, yaani kufuta ile iliyoharibika na kuweka upya. Waliosoma wanaliandika vingine neno hilo, lakini Bi Zaituni aliliandika kwenye kibao cha nje kama alivyolisikia: TUNAPIGA WINDO HAPA. Mzee mmoja wa Kibeta akaingia akauliza kama leo tumepata swala. Bi Zaituni akamwambia, "Swala iko msikitini, baba. Hapa ni kompyuta." Tulicheka mpaka Fundi Mkuu akakaa chini. Nilicheka pamoja nao. Baadaye nimelifikiria sana neno lile, windo, kitu kinachokimbizwa mpaka kikamatwe.

Kuna jambo jingine lazima mlijue, la sivyo hamtanielewa mbele. Ndani ya mashine kuna diski, ndiyo ghala. Mafundi huigawa vyumba viwili, C na D. Windo hukaa C. Ukipiga windo, C yote inafutwa, D inabaki. Kule kufuta tulikuita kufomati. Wateja waliojua waliweka vitu vyao D. Wasiojua, na ndio wengi, waliviweka usoni, pale panapoonekana mashine ikifunguka, wakidhani kilicho usoni kiko salama kwa kuwa kila siku wanakiona. Kumbe uso wote uko C.

Kwa hiyo Fundi Mkuu alikuwa na swali ambalo kila mteja aliulizwa kabla ya kufuta: "Kuna vitu vyako humu ndani?" Mteja akisema vipo, tunavitoa kwanza, tunaviweka kwenye mashine yetu kubwa, tukimaliza tunavirudisha. Akisema havipo, tunafuta. Niliwahi kumwambia kwamba wengine hukasirika kuulizwaulizwa. Akaniambia, "Mashine ya mtu ni amana, Bi Adventina. Amana haifutwi mpaka ulimi wa mwenyewe uruhusu." Hakuwa mtu wa kubadilisha alichokwisha kusema. Swali lile tulilibeba kama lilivyo, neno kwa neno, kama watoto wanavyobeba sala.

Baadaye nikapelekwa Muleba. Kituo kimoja cha akina mama kilipewa zile kompyuta ndogo tulizoziita mini, zinazokaa mapajani kama sahani, na hawakuwa na mtu wa kuzitunza. Fundi Mkuu akaniazima kwao. Mkubwa wangu huko alikuwa Mratibu, mwanamke mrefu wa Kamachumu, mkali, asiyependa mtu aegemee ukuta. Zile mini zilikuja na windo mpya, nzito, na mashine zenyewe zilikuwa na nguvu ya kifaranga. Ukiziwasha, unaweza kumenya ndizi, kuzibandika na kuzipakua ndipo kioo kikae sawa. Akina mama walidhani wao ndio hawajui. Walikaa mbele ya kioo wamefumbata mikono, kama watu wanaosubiri daktari.

Mratibu akaniita. "Mtoto havishwi koti la babu yake," akasema. "Zipe windo ya zamani."

Hapo ndipo nilipoijua kazi iliyonipa jina. Mini haina tundu la sidii, kwa hiyo windo lazima iingie kwa flashi, kile kijiti kidogo cha kuchomeka ubavuni. Lakini huwezi kunakili windo kwenye flashi ukadhani umemaliza. Flashi ya namna hiyo ni mfuko tu. Ni lazima kwanza uitengeneze kwenye mashine nyingine, kwa programu yake, ili iweze kuiamsha mashine iliyolala. Hiyo tuliita flashi ya kubutia. Ukishaipata, unaichomeka mini ikiwa imezimwa, unawasha, na papo hapo unabonyeza mfululizo kitufe kimoja cha safu ya juu, kwenye nyingine ni cha pili, kwenye nyingine cha mwisho, mpaka itokee orodha ya wapi mashine ianze kusoma. Unaichagua flashi. Kioo kinakuwa bluu. Kinakuuliza chumba, unachagua C, inafomati, kisha mstari wa njano unaanza kutembea chini ya kioo, taratibu, windo ikijinakili. Mstari ukifika mwisho mashine inajizima na kujiwasha, na hapo usipoichomoa flashi itaanza tena mwanzo, na tena, kama mtu aliyesahau kwamba ameshakula. Halafu inaomba namba ndefu, ambayo imebandikwa chini ya tumbo la mashine. Mwisho unaweka draiva, ambazo ni maelekezo ya kila kiungo. Bila draiva, mini inaona lakini haisikii, au inasikia lakini haitoi sauti.

Na umeme. Betri za mini zilikufa mapema, zikawa zinaishi kwa waya. Umeme ukikatika mstari wa njano uko njiani, kazi yote imeharibika. Ulikatika mara nyingi, na kila mara nilianza upya, Mratibu amesimama nyuma yangu. Hakunipa pole hata siku moja. Siku ya kuondoka kwangu, mradi ulipofungwa na zile mini kugawiwa, alinipa kitenge na kuniambia, "Hukuegemea ukuta." Sikumwona tena.

Nikarudi Miembeni na ujuzi huo. Wateja wakaniita Bibi Flashi. Mini zilikuwa zimejaa mjini, wanafunzi wa vyuo walizipenda kwa wepesi wake, na zote zilikuwa na ugonjwa ule ule wa koti la babu. Fundi Mkuu naye akajifunza kwangu, bila aibu, akawa anazifanya nisipokuwepo.

Sasa nifike kwenye siku ile.

Yalikuwa majira ya mvua, yale ya senene, wingu limekaa juu ya mji kama sufuria iliyofunikwa. Bi Zaituni alikuwa amekwenda hospitali kwa ajili ya miguu yake, na mimi nilikuwa nimetumwa Bilele kupeleka mashine ya mteja. Niliporudi nilimkuta mzee amekaa kwenye benchi letu, kofia juu ya goti, koti limelowa mabegani. Fundi Mkuu alikuwa mezani, amenipa mgongo. Nikamsalimu yule mzee kwa Kihaya, kwa kuwa kofia juu ya goti ni adabu ya kwetu. Akaitikia, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia baba yangu na kijiji. Akasema jina lake ni Mutalemwa, kutoka upande wetu huo huo wa Muleba, na kwamba alimfahamu baba. Akatoa mfukoni akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna tunayompa mgeni, imefungwa kwenye jani la mgomba, akanipa chache kiganjani. Pale karakana mimi ndiye mwenyeji, yeye ndiye mgeni, lakini yeye ndiye aliyenikirimu.

Nikamuuliza, kwa ile Ta yetu ya kumheshimu mzee, "Ta Mutalemwa, umeleta nini leo?"

"Nimeleta mini ya Kokushubira," akasema. "Imekataa kuamka. Nimemwambia fundi, nataka iamke tu. Ikiamka nitamwona."

Kokushubira alikuwa binti yake, aliyekuwa akisomea ualimu. Alikuwa ameugua muda mfupi na kufariki, na simu yake ilipotea hospitali katika zile pilika. Misa ya kumbukumbu ilikuwa karibu. Kaburi lilikuwa limejengewa, marumaru zimepangwa, na fundi wa marumaru alikuwa ameacha nafasi ya picha. Nyumbani kulikuwa na picha za shule ya msingi tu, mtoto mwenye kichwa kimenyolewa. Lakini likizo yake ya mwisho Kokushubira alimfungulia baba yake ile mini, na kioo kilipowaka alikuwa mwenyewe usoni, amekaa kizingitini kwao, amefunga kilemba cha marehemu mama yake. Kila ikiwashwa, picha ile ndiyo iliyotokea kwanza. Kwa hiyo kwa Ta Mutalemwa, mini kuamka na mwanawe kutokea lilikuwa jambo moja.

Nikageuka kutazama meza. Kioo kilikuwa bluu. Mstari wa njano ulikuwa unatembea.

Nikamuuliza kwa sauti ambayo sikuitambua, kama fundi alimuuliza swali kabla ya kuanza.

"Aliniuliza," akasema. "Aliniuliza kama kuna vitu vyangu humo ndani. Nikamwambia hakuna. Vyangu vitoke wapi, Ma Adventina? Mimi hata kuifungua sijui. Vitu vilivyomo ni vya marehemu, na ukoo haujakaa."

Ninyi mliozaliwa mjini labda hamlijui hili. Kwetu mtu akifa, vitu vyake havina mwenyewe mpaka ukoo ukae na kusema hiki cha nani. Kabla ya hapo, baba anayesema "ni vyangu" juu ya vitu vya mwanawe anaonekana kama mtu aliyekuwa anasubiri afe. Hata kama ni kijiko. Mzee aliulizwa swali la vyako, akajibu kwa heshima yote aliyofundishwa kwamba chake hakuna. Na Fundi Mkuu, ambaye Kiswahili alikinyonya kwa mama yake na ambaye kwao "vyako" ni neno la kawaida, alisikia ulimi umeruhusu.

Nikaenda mezani. Nikamwambia polepole, "Fundi Mkuu, mashine hii ni ya maiti. Anatafuta picha ya binti yake."

Hakugeuka mara moja. Alisema, "Nilimuuliza."

"Najua."

"Nilimuuliza, Bi Adventina. Wewe unanijua. Akasema hakuna kitu chake."

"Chake hakuna. Vipo vya binti."

Mstari wa njano ulikuwa umefika kati. Kila unaposogea, windo inaandikwa juu ya vilivyokuwepo. Kufomati peke yake ni kama kung'oa vibao vya majina milangoni, watu bado wamo vyumbani. Lakini kule kunakili kunakokuja baada yake kunaingia vyumbani na kulala juu ya vitanda vyao. Betri ya mini ile ilikuwa imekufa, ilikuwa inaishi kwa waya. Siku zote umeme wa Bukoba ulikatika tusipotaka. Siku ile ulikaa.

Fundi Mkuu akaushika waya, akauchomoa. Kioo kikawa cheusi.

Tukaifungua mini chini ya tumbo, tukatoa diski yake, tukaiunga kwenye mashine kubwa ili tuisome bila kuiamsha. Fundi Mkuu alikuwa na programu ya kuokoa vilivyofutwa, ambayo hupita chumba kwa chumba ikitafuta mabaki. Tukaiacha ipite. Akamwita Ta Mutalemwa akae kwenye kiti chake mwenyewe, kiti ambacho hata Bi Zaituni hakukikalia, akamweleza yote. Hakuficha kitu. Alimwambia kwamba alifuta, kwamba alikuwa hajaelewa, na kwamba sasa tunatafuta. Mzee alisikiliza akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha.

Vikaanza kurudi. Majina yalikuwa yamepotea, picha zote zimekuwa namba. Kitanda cha bweni chenye chandarua. Sahani ya chipsi. Wasichana wanacheka mbele ya ubao, hatukujua ni akina nani, Ta Mutalemwa naye hakuwajua. Mguu wa mtu aliyevaa kandambili. Nyingine zilikataa kufunguka kabisa. Nyimbo za kwaya, masomo ya ualimu, barua ya kuomba ruhusa. Kila picha ilipofunguka mzee alisogea mbele, na kila ilipokuwa si ya binti yake alirudi nyuma. Jua, kama lilikuwepo, lilihama ukuta ule likaenda ule.

Halafu akatokea.

Kilemba cha kijani. Paji la uso. Macho yote mawili, yanatazama juu kidogo, kama mtu aliyeitwa. Mwanzo wa pua. Kutoka hapo kwenda chini ilikuwa kijivu, sawasawa, mstari umenyooka toka upande huu mpaka ule, kama saruji kabla ya kupakwa rangi. Fundi Mkuu aliifungua tena. Akaifungua kwa programu nyingine. Ilikuwa ile ile.

Ta Mutalemwa akanyoosha kidole, hakukigusa kioo. "Hapa chini kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee wangu," Fundi Mkuu akasema. "Pameandikwa juu yake."

"Kimeandikwa nini juu ya mdomo wa mwanangu?"

Jibu lilikuwepo. Ni lile neno lililokuwa kwenye kibao chetu cha nje. Fundi Mkuu hakulisema, nami sikulisema, na mvua ikaendelea kwenye bati.

Mwisho mzee akasema tumpe hiyo hiyo. Fundi Mkuu alikwenda nayo mwenyewe studio ya jirani, akasimama juu ya kichwa cha mpiga picha mpaka ikatolewa vizuri kwenye karatasi ngumu, imekatwa pale kijivu kilipoanza. Tulimuuliza mzee kama tumalizie kuiwekea mini windo ili angalau irudi nyumbani nzima. Akakataa. "Iacheni ilale," akasema. Akaiweka ndani ya koti, akavaa kofia akiwa ameshafika nje, akaondoka.

Siku ya misa Fundi Mkuu aliniambia tutakwenda wote. Nilimwambia si lazima, yeye ni Mwislamu na hakuna atakayemtazamia. Alikwenda. Alivaa kanzu na kofia yake nyeupe, tukakaa ndani ya basi hadi Muleba bila utani hata mmoja. Wakati wa misa alisimama nje ya kanisa chini ya michirizi. Kule nyumbani, kaburi lilikuwa kando ya kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, na ile picha ilikuwa imeshawekwa chini ya kioo kati ya marumaru, ndogo, pana, macho tu. Watu wa ukoo walinong'ona. Shangazi mmoja hakunong'ona. Aliuliza kwa sauti, ni fundi gani huyo aliyemkata mtoto wao uso.

Ta Mutalemwa akaja na akamwani kwenye kikapu, akampita shangazi, akampita mkuu wa ukoo, akamfikia Fundi Mkuu. Akasema, "Fundi ni huyu. Macho ameyaokoa yeye."

Fundi Mkuu akapokea kahawa kwa mikono miwili. Alikuwa hajawahi kuitafuna maishani, siku zote alisema ni chakula cha mbuzi. Siku ile aliitafuna yote, amesimama, hakuitema hata ganda.

Tulipokuwa tunarudi, akatoa flashi mfukoni, ile nyeusi yenye uzi mwekundu tuliyobutia nayo kila siku, akaniwekea mkononi. "Chukua," akasema. "Mimi narudi kwenye redio. Redio haina vitu vya mtu ndani."

Nikamwambia redio hazitengenezwi tena, watu wananunua mpya.

"Basi nitakaa," akasema.

Na alikaa kweli. Alikuwa anakuja asubuhi, anafungua mlango, anakaa kwenye lile benchi la wateja. Kile kiti hakukikalia tena. Bi Zaituni alikishusha kibao cha nje, akasema kimeoza. Hakikuwa kimeoza. Fundi Mkuu alipofariki, karakana ilifungwa. Pale siku hizi wanauza vifuniko vya simu.

Mimi niliendelea kidogo, barazani kwa binti wa kaka yangu huko Kibeta, na flashi yangu yenye uzi mwekundu. Swali nililibadilisha. Sikuuliza tena kama kuna vitu vyako. Niliuliza, "Humu ndani kuna vitu vya nani?" Ni neno moja tu. Mngeshangaa jinsi watu wanavyonyamaza wakiulizwa hivyo. Anakuja mtu na haraka zake, anataka mashine iamke, unamuuliza vya nani, anakaa chini. Anasema vya mume wangu. Vya mtoto aliyekwenda Dar es Salaam, hapigi simu. Wengine walichukua mashine yao wakaondoka nayo vile vile, imelala. Sikuwazuia.

Mini zenyewe zikaisha. Vijana sasa wana simu, na simu ikifa wanasema vitu vyao viko hewani. Sijui hewani ni C au ni D. Mtoto wa jicho amenifunika jicho la kushoto, nimerudi Muleba kwenye kibanja cha baba, na migomba imeingiwa na mnyauko, unakata shina unakuta njano ndani, na ukishaiona njano hiyo hakuna cha kuokoa. Flashi ninayo. Haina mashine ya kuingia.

Nikienda kanisani napita kwa Ta Mutalemwa, ambaye naye sasa amelala kando ya binti yake. Yeye picha yake ni nzima. Mini ile ukoo ulimpa mdogo wake Kokushubira, na hakuileta kwangu hata siku moja, nami sikumuuliza. Vumbi likikaa juu ya kile kioo cha kaburi nalifuta kwa ncha ya kitenge, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoanza nayo.

Ninyi mnaosoma, na hasa mliokuwepo, kama nimekosea mnisahihishe. Huenda kaka Deogratias hakuingia ndani siku ile ya kwanza, aliniacha mlangoni. Huenda vitufe vya mini nimevichanganya, cha pili na cha mwisho. Huenda kilemba hakikuwa cha kijani, maana Bi Zaituni, alipokuwa bado anasikia, alisema kilikuwa bluu, ingawa siku hiyo hakuwepo. Na kama kuna mtu kati ya wale wasichana waliokuwa wanacheka mbele ya ubao anasoma hapa, na ana picha nyingine ya Kokushubira, ya uso mzima, ailete. Nafasi kwenye marumaru ilipimwa kubwa. Bado ipo.